Radiatere Baridi, Moteri Inachemka

Ninyi vijana wa garaji muko na tabia moja inanichoma roho. Moteri ikikohoa kidogo tu, munakimbilia telefone. Munaandika pale: gari yangu inachemka, nifanye nini? Mutu wa mbali kule, hajaona ile gari, hajasikia hata harufu yake, anawajibu, na ninyi munachukua kle, ile spana, munaanza kufungua. Mungu wangu! Lakini acha nisiwatukane sana. Mimi wakati wangu sikukuwa na telefone ya vile. Nilikuwa na kitu kibaya zaidi: nilikuwa na jina. Bunia muzima walikuwa wananiita Dokta. Dokta Kasereka akiisha kusema, maneno imekwisha, watu wanafunga midomo.

Nawaambia mapema, musije mukasema muzee alituzungusha. Kuko shofere mumoja, jina lake Faustin. Alifukuzwa kazi juu ya maneno iliyotoka mu kinywa changu. Nilisema mbele ya watu kama yeye ndiye anaua moteri ya jeep ya kituo cha afya. Haikuwa yeye. Mimi nimepita miaka sabini, nimekimbia vita, nimezika watu wangu, lakini siku niliyojua kama haikuwa yeye ndiyo iliniangusha. Nilikaa chini katikati ya njia, mu vumbi, na muuguzi mukubwa akinitazama.

Tuanze na kazi kwanza, maana bila kazi hamutaelewa kitu.

Mimi ni mutu wa Butembo. Nilifika Bunia ningali kijana, nikitafuta maisha kama ndugu wengi wa kwetu. Wengine walikuja na vitambaa, wengine na sabuni, mimi nilikuja mikono mitupu. Muzee Ukelo ndiye alinipokea. Alikuwa mufupi, sauti yake kubwa, na alikuwa amefanya miaka mingi mu garaji ya machimbo ya zahabu. Chombo cha kupima hakukuwa nacho. Chombo chake kilikuwa kiganja cha mukono. "Gusa kwanza!" alikuwa anapiga kelele. "Mugonjwa wanamugusaka kwanza, njo wanamupa dawa. Weye unapasua tumbo, haujauliza hata inauma wapi!"

Na matusi, wee! Bulo, zile boliti za kichwa cha moteri, zinakazwa kuanzia katikati kwenda inje, kidogo kidogo, unazunguka mara tatu. Muzee Ukelo akikukuta umeanzia pembeni, atakutukana mpaka afike kwa nyanya yako, na nyanya yako yuko kaburini. Mpaka leo nikikaza kitu chochote, hata meza ya nyumbani, naanzia katikati, na bibi yangu wa ndoa, Kavira, ananicheka.

Niwape kidogo ya kucheka mbele ya kufika pabaya. Siku moja shofere wa lori ya viazi alitoka Fataki, lori yake inavutwa na kamba. Radiatere, ile inayopoza maji ya moteri, ilianza kuvuja njiani, na mutu fulani wa akili nyingi akamuambia atie unga wa muhogo, eti utaziba tundu. Sasa yeye hakutia kijiko. Alitia sahani muzima. Unga, maji, moto: hesabu mwenyewe. Tulipofungua tulikuta bugali. Bugali ya kweli, imeiva, inatoa mvuke. Muzee Ukelo akaichota na turnevisi, ile bisibisi ya kazi, akainusa, akamuangalia ule shofere, akasema, "Papa, bugali umeleta. Sasa mboga ya sombe iko wapi?" Tulicheka mpaka tukalala chini. Lakini kuitoa ilitufanyisha siku tatu, kijia kwa kijia, na waya, na kiisha siku ile hakuna fundi alikula bugali kwa furaha karibu wiki.

Basi. Kati ya yote Muzee Ukelo alinifunza, kuko jambo moja ambalo sikuwahi kuuliza sababu yake. Gari yoyote ikiingia kwetu, nzima ama mugonjwa, tulikuwa tunafungua kifuniko kidogo pale bomba ya maji inatokea mu moteri, tunatoa kalorstati, tunafunga tena. Kalorstati ni kidude cha shaba, kinaenea mu kiganja. Ni mulango wa maji. Moteri ikiwa baridi, ule mulango unafunga, maji haiendi mu radiatere, na moteri inapata moto upesi. Moteri ikiisha kupata moto, mulango unafunguka na maji inaenda kupoa. "Hii ni koti," Muzee Ukelo alikuwa anasema. "Wazungu waliifanya juu ya barafu ya kwabo. Hapa Bunia nani anavalaka koti mu jua?" Tulicheka, tulikubali. Na kusema kweli, kwa magari ya wakati ule haikuleta matata. Garaji zote za muji zilifanya vile, na zingine zinafanya mpaka leo. Mimi nilikuwa na mukebe wa maziwa ya unga umejaa kalorstati nilizotoa. Nilikuwa nauonyesha wateja kwa kujivuna.

Ile jeep ilifika wakati Muzee Ukelo ameisha kufa na garaji imebaki mu mikono yangu. Ilikuwa ya kituo cha afya kimoja upande wa Gety. Jeep ya mazuti, ni kusema dizeli, imezeeka, rangi yake nyeupe imegeuka ya chai, lakini chuma chake kilikuwa chuma cha kweli. Waliipata kama musaada, imeisha kutumika kule ilikotoka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuleta Bunia wagonjwa wazito, zaidi sana wamama ambao kuzaa kumewashinda. Niliipokea, nikabadilisha mafuta, nikakaza mikanda, nikafanya yote ya kawaida ya garaji yetu, nikairudisha nikiimba.

Faustin ndiye alikuwa shofere wake. Mutu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, anaongea polepole mpaka unataka kumumalizia neno. Ile jeep aliipenda kupita kiasi. Aliiosha mpaka chini ya tumbo. Na nyuma ya kiti chake hapakosi bidoni mbili za maji. Nilikuwa namutania: "Faustin, weye iko shofere ama mwenye kisima?" Anacheka kidogo tu, anapangusa kioo.

Miezi haikuwa mingi, jeep ikarudi. Imechemka mu mupando wa mulima. Nikafungua, nikakuta joint ya kulasi imeungua, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kichwa cha moteri na mwili wake. Nikabadilisha. Ikaenda, ikarudi. Nikabadilisha pompa ya maji. Ikaenda, ikarudi. Nikaitoa radiatere, nikaisafisha mpaka ukipuliza huku hewa inatokea kule. Ikarudi! Ajabu yake ilikuwa hii: mu tambarare haina neno. Unaweza kuzunguka nayo muji kutwa, sindano ya moto imelala katikati. Ipandishe mulima na watu ndani, sindano inaamka, inapanda, haiulizi mutu. Nikatia kifuniko kipya, nikatia vantilatere ingine, ile feni ya kupepea radiatere, nikafika mara saba. Ikarudi. Mwishowe Faustin akifika mulangoni hakusema tena kitu. Anasimama tu, kofia mu mukono. Na mimi, ni haya kusema, nilikuwa nimeanza kumuchukia.

Musikie vizuri hapa, maana hapa ndipo ugonjwa wa fundi unaanzia. Kila mara niliporudisha ile jeep nilisema "Sasa imepona." Kila mara ikanifanya mwongo. Mutu mwenye jina hawezi kuwa mwongo, kwa hiyo mwongo lazima awe mwingine. Nikaanza kumuuliza Faustin maswali ya polisi.

"Ulitia mayi?"

"Nilitia, Dokta."

"Uliangalia tena mbele ya kupanda?"

"Niliangalia."

"Sasa ile mayi inaendaka wapi? Inapaa mbinguni?"

Anaangalia chini. Na mimi nilichukua ile kuangalia chini kama jibu.

Halafu ikafika ile siku. Nitaisema upesi, siwezi kuisema polepole. Faustin alikuwa analeta mama mumoja kutoka Gety, mimba yake ya kwanza, uchungu wa siku mbili, mutoto amekaa vibaya ndani. Jua lilikuwa kali. Mu mupando mbele ya Bogoro jeep ikachemka, ikazima. Faustin akangoja ipoe, akatia maji, akajaribu. Ikakataa kabisa, kichwa cha moteri kilikuwa kimeisha kupinda. Pikipiki zilipita, lakini ule mama hakuweza kukaa juu ya pikipiki. Mpaka lori moja iliwahurumia, ilikuwa imechelewa. Mama alipona. Mutoto alitoka njiani, hakupona. Faustin ndiye alimubeba ule mutoto kutoka mu lori mpaka ndani ya hospitali, amemufunga mu shati yake, yeye mwenyewe kifua wazi, maana pale hakuna mwingine alikuwa na nguvu ya kumushika.

Komite ya kituo ikaita mukutano. Mwenye kusimamia alikuwa Mama Josephine, muuguzi mukubwa wa pale, mama asiyependa maneno mengi. Wakaniita mimi kama mutu wa ufundi. Nilivaa shati ya misa. Baba ya ule mutoto alikuwa amekaa mu benchi ya mbele, kijana mudogo kabisa, mikono yake kati ya magoti.

Mama Josephine akaniuliza, "Dokta, hii jeep umetengeneza mara ngapi?"

"Mara saba, Mama."

"Sasa kosa iko wapi?"

Njia zilikuwa mbili: kusema "sijui," ama kusema mutu. "Sijui" ni neno dogo, watoto wangu. Lakini siku ile lilinishinda. Niliangalia wale watu wote wanangoja Dokta aseme, na nikasema, "Moteri iko nzima. Mi nimeifungua mpaka ndani. Moteri nzima inakufaka vile juu ya kitu kimoja tu: shofere anapandisha bila mayi."

Faustin akasimama. Hakupiga kelele, hakuapa. "Dokta, mi nilitiaka mayi," akasema. "Kila siku nilitiaka mayi."

Na mimi nikamujibu, Mungu anisamehe, nikamujibu mbele ya baba ya mutoto: "Basi utuonyeshe ilienda wapi."

Ule kijana akageuka, akamuangalia Faustin. Uso ule sitaweza kuwaeleza. Faustin akakaa. Mbele jua halijazama walikuwa wamemunyang'anya ufunguo wa jeep.

Kichwa kipya cha moteri kilikawia karibu mwaka kufika. Nikatengeneza ile jeep mara ya nane, na komite haikuwa bado imepata shofere mwingine. Mama Josephine akasema, "Dokta, uiendeshe weye mwenyewe safari ya kwanza. Utuonyeshe vile inaendeshwaka." Sikujua kama ananisifu ama ananijaribu. Nilikubali kwa furaha. Tulienda Gety vizuri, yeye na mimi na makartoni ya dawa. Kurudi Bunia, tukapakia mifuko ya maharagi na watu wane nyuma, wote wazima kwa bahati. Mbele ya kutoka nilitia maji na mukono wangu. Nilitia mpaka ikamwagika juu ya viatu vyangu. Nikafunga kifuniko, nikapiga kofi juu yake, pa! Nikamuambia Mama Josephine, "Njo vile inafanywaka."

Mu mupando, sindano ikaamka.

Nikasema moyoni, sindano inadanganya. Ikapanda. Nikapunguza mwendo. Ikapanda tena. Halafu harufu ikaingia, ile harufu ya maji ya moto na chuma ambayo hakuna fundi hajui, na mvuke ukafunika kioo. Nikazima. Nyuma watu walianza kushuka. Mama Josephine aliniangalia tu. Afadhali angenipiga.

Nilishuka nikafungua kapo, kile kifuniko cha juu ya moteri, na akili yangu ilikuwa imesimama kabisa. Maji ilikuwemo. Nilijua ilikuwemo, viatu vyangu vilikuwa vingali vimelowana! Hakuna pa kuivuja, hakuna tone chini. Sasa ndipo nilifanya kile ambacho mara nane zote sikufanya, mimi mwanafunzi wa Muzee Ukelo. Niligusa. Bomba ya juu inaunguza. Nikashusha kiganja mpaka chini ya radiatere, na pale, Yesu wangu! Baridi. Moteri inatapika mvuke, na radiatere, mahali pa kupozea maji, chini yake iko baridi kama mutungi. Nikatoa mukono, nikarudisha. Nikatoa, nikarudisha. Niliwaza labda ngozi yangu imekufa.

"Mama Josephine, kuja uguse," nikaita. "Uniambie kama nimekuwa wazimu."

Akagusa. "Iko baridi, Dokta."

"Baridi?"

"Baridi kabisa. Ni vibaya?"

Pale ndipo nilielewa. Kama maji ilikuwemo na moteri imechemka, basi maji ilikuwemo siku ile ingine pia. Faustin alisema kweli. Alisema kweli mara saba mulangoni kwangu, na mara ya nane mbele ya watu wote. Nilikaa mu vumbi, na Mama Josephine akasimama juu yangu, akaniuliza kama ni moyo, kama aniletee dawa.

Tulingoja ipoe, tukapanda hatua kwa hatua, tunasimama kila kidogo, tukafika. Asubuhi yake nilimwaga ule mukebe wa maziwa juu ya meza. Kalorstati ya ile jeep niliipata haraka, maana haikufanana na zingine. Chini yake ilikuwa na sahani ya pili, ndogo, imefungwa mu mukia. Nilikuwa nimeitoa mimi, nikaitupa mimi, na sikuuliza ile sahani ni ya nini. Nikachukua sufuria, nikatia maji, nikaiweka juu ya mbabula ya makaa, nikaining'iniza ile kalorstati ndani na uzi.

Kavira akatoka inje. "Kasereka! Unapika chuma mu sufuria yangu ya samaki?"

"Ngoja," nikamuambia. "Kavira, nakuomba, ngoja."

Maji ikaanza kupata moto. Ule mulango wa juu ukaanza kufunguka, polepole, vile nilijua siku zote. Lakini kwa wakati ule ule, ile sahani ya chini ilikuwa inashuka. Inashuka kwenda kufunga kitu. Nikajua sasa inaenda kufunga nini.

Mutie akili. Mu ile moteri maji iko na njia mbili. Njia ndefu inapita mu radiatere, maji inapoa. Njia fupi inaizungusha ndani ya moteri tu. Moteri ikipata moto, kalorstati inafungua njia ndefu na mukono mumoja, na mukono mwingine inafunga ile fupi. Ukiitoa, zote mbili zinabaki wazi. Na maji ni kama siye wote, ikiona njia ya mukato, inapita pale. Mingi inazunguka ndani ya moto, kidogo tu inafika kupoa. Mu tambarare inatosha. Mu mupando, na muzigo, inapika moteri. Moteri za wakati wa Muzee Ukelo hazikuwa na matata ile. Yeye hakukosa kwa magari yake. Mimi nilikosa kwa magari yangu, maana magari ilibadilika na mimi nilibaki naimba wimbo ule ule.

Nikairudisha ile kalorstati. Kazi ya dakika makumi tatu! Nikapakia mifuko ya muchanga mpaka jeep ikakaa chini, nikaipeleka mu mupando ule ule, jua la saa saba. Sindano ilikaa katikati. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Haikusogea hata kidogo. Fundi mwingine angepiga kelele ya furaha. Mimi nilisimamisha pembeni, nikazima. Kidude cha shaba. Mara nane nilifungua ile moteri, mara nane nilifunga bila kukirudisha, kilikuwa mu mukebe, hatua tatu kutoka mahali Faustin alikuwa anasimama na kofia yake.

Nikaenda kwa Mama Josephine, nikasema yote. Halafu akaita tena komite, na ule kijana, baba ya mutoto, akaja. Nilisema mbele yao nimesimama. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akaamka, akatoka, hakunijibu, na mimi sina haki ya kumudai jibu mpaka nikufe. Wengine walinitukana, nikapokea. Mama Josephine akasema, "Mwenye unapashwa kuambia haiko hapa. Wanasema iko Nizi, anachimba zahabu."

Kuchimba! Faustin, na miaka hamsini ile!

Niliingia njia mu wiki ambayo ilikuwa salama, juu ya pikipiki, na vumbi mu meno. Kule Nizi niliuliza mashimo matatu. Mu shimo la ine, mumoja wa wachimbaji, kijana mwenye kofia ya Kiislamu, akanionyesha na kidole chini, kwenye maji ya matope.

"Ule muzee mwenye aliua mutoto? Njo ule pale."

Nikamushika shati. "Nani alisema aliua mutoto?"

"Ye mwenyewe, Papa," kijana akasema kwa woga. "Anasemaka alikuwa shofere, alisahau mayi, mutoto akakufa. Siye hatujui mingi."

Niliangalia chini. Faustin alikuwa amesimama mu maji ya magoti, mufuko wa kokoto juu ya bega, kati ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Nywele zake ilikuwa imekuwa nyeupe. Mwaka mumoja tu! Akaniona, akaweka mufuko, akapanda polepole, akapangusa mikono mu suruali mbele ya kunisalimia, kwa heshima, kama vile mimi ni mutu wa heshima.

"Dokta. Amani?"

"Faustin," nikasema, "haikuwa weye."

Akatingisha kichwa. "Acha, Dokta. Mi niliwaza sana. Zamani nilikuwa najua nilitia mayi. Lakini weye njo unajuaka moteri. Kama Dokta anasema mayi haikukuwa, basi haikukuwa. Nimetafuta ile asubuhi mu kichwa yangu, nimetafuta, sasa siione tena. Labda nilisahau kweli."

Mulisikia? Nilifikiri nimemunyang'anya kazi. Nilikuwa nimemunyang'anya mpaka macho yake. Mutu alitia maji, akajiona anatia maji, na juu ya jina langu akakubali kama hakuitia, akabeba maiti ya mutoto mu roho mwaka muzima, mutoto ambaye hakumuua.

Nikamueleza. Njia ndefu, njia fupi, kidude, mukebe, sufuria ya samaki. Nilikuwa nalia mbele ya wale vijana wote na sikuona haya. Alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Sema kwa nguvu. Na bale basikie."

Nikapaza sauti mpaka watu wa shimo lingine wakasimamisha majembe. "Mi Kasereka, fundi wa Bunia, njo niliharibu ile moteri! Niliiharibu na mikono yangu, na nikasema uongo juu ya Faustin. Faustin hakukosa kitu!"

Faustin akakaa juu ya kokoto. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia upande mwingine. Halafu akaniuliza, sauti yake ndogo kabisa:

"Njo kusema, Dokta, ile asubuhi, mi nilitia mayi?"

"Ulitia, Faustin," nikamuambia. "Ulitia mayi."